Gari Lililozoea Mteremko

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka tisa, na mwaka huo ndipo shida ilipoingia kwetu ikakaa. Baba alikufa kwa homa ya siku nne. Akaacha watoto sita, mama, na shamba la migomba lenye mteremko mkali kiasi kwamba jembe likikuponyoka unalifuata bondeni. Nilikuwa darasa la tatu. Mwalimu alikuja nyumbani mara mbili kuuliza kwa nini sionekani shuleni. Mara ya tatu hakuja. Hiyo ndiyo elimu yangu. Kusoma nasoma, kuandika ndiko huku unakokuona, na hesabu za kichwani hajatokea msomi wa kunishinda.

Kwetu ni Ngara. Nilipofika miaka kumi na tano nilishuka Biharamulo kutafuta kazi. Nikampata mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mtu ambaye babu yake alitoka pwani akafuata biashara akabaki. Alikuwa na duka na lori. Akanipa kazi ya kuliosha lori na kulala ndani yake ili lisiibiwe vitu. Sikumwomba huruma na yeye hakunipa. Alinipa kazi, na kazi ndiyo niliyokuwa nataka.

Dereva wa lori lile hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinifundisha spana, alinifundisha breki, lakini kitu kikubwa alichonipa ni globu moja ndogo ya taa ya nyuma, amefunga nyaya mbili, kila waya una msumari mwishoni. Akasema, "Hii ndiyo itakuwa macho yako. Umeme huuoni, lakini globu inauona." Halafu akasema jambo ambalo wakati ule nililichukulia kama maneno ya mtu aliyechoka. Alisema, "Umeme ni safari ya kwenda na kurudi. Unatoka betri, unafanya kazi, unarudi betri. Mafundi wote wanatafuta ubovu kwenye kwenda. Kwenye kurudi hawaangalii."

Globu ile nimebadilisha nyaya mara nyingi, na yenyewe imeungua nikaweka nyingine, lakini mimi nahesabu ni ile ile.

Gari langu nililinunua kwa mfanyabiashara huyo huyo, miaka mingi baadaye, kwa mahindi na maharage yangu mwenyewe. Ni pikapu ya dizeli, injini ya zamani isiyo na kompyuta, ukifungua boneti unaona kila kitu kwa macho. Lilikuwa kuukuu tayari. Alinikabidhi ufunguo, akaniambia, "Likikushinda nirudishie mimi. Usiliuze kwa kilo." Nikamjibu halitanishinda. Kwenye kilima chetu, kabla yangu, waliokuwa na gari ni padri na mtu wa serikali, na yote mawili hayakuwa yao. La kwangu lilikuwa langu. Siku niliyolipandisha kilimani mara ya kwanza, watu walitoka nje ya nyumba wakasimama. Sijasahau na sijifanyi nimesahau.

Sasa lazima nieleze namna sisi watu wa milimani tunavyoendesha magari, maana bila hilo hutaelewa kilichonipata.

Ngara hakuna tambarare. Kanisa liko mgongoni mwa kilima, soko liko ubavuni, nyumba yangu iko ubavuni. Mwenye gari kuukuu akifika nyumbani anageuza gari pua ielekee bondeni, na jiwe linawekwa mbele ya tairi. Asubuhi anaingia, mtu anaondoa jiwe, gari linateremka lenyewe. Anaingiza gia ya pili, anaachia klachi, injini inakohoa mara mbili, safari imeanza. Kwangu mimi mwondoa jiwe ni mke wangu. Ameifanya kazi hiyo miaka mingi na analo jiwe lake, jingine hataki. Stata ya kuwashia kwa ufunguo tunayo, lakini stata ni kama koti la harusi, haitumiki kila siku. Unaweza kumaliza mwaka mzima hujui kama inazunguka.

Mwaka jana binti yangu wa mwisho aliolewa. Nikasema gari la baba halitakwenda kanisani likiwa na mabaka. Nikalipeleka kwa mpaka rangi, nikachagua bluu, nikamwambia, "Paka kila mahali. Hata kule kusikoonekana." Akaniuliza, "Hata ndani ya boneti, mzee?" Nikamwambia nimesema kila mahali. Akafungua vitu, akapaka, akarudisha. Gari likatoka linang'aa kuliko bibi harusi, na watu walinisifu mimi kabla ya kumsifu mkwe wangu.

Baada ya harusi nilianza kuona kwamba nikizungusha ufunguo, stata inagonga mara moja, ta, inanyamaza. Nikasema betri imezeeka. Nikanunua betri mpya. Ikagonga ta. Nikasema basi, mteremko upo. Nikaendelea na jiwe.

Hivyo ndivyo nilivyoishi na ubovu miezi mingi bila kuugusa. Mtu wa Biharamulo asingeweza. Kule chini ukiamka asubuhi gari lisiwake, unalitengeneza siku hiyo hiyo au unakwenda kwa miguu.

Shamba langu la mahindi liko Nyantakara, wilaya ya Biharamulo. Wakati wa mavuno huwa nabaki huko siku kadhaa. Mwaka huu, siku ya kuondoka, nikapakia magunia kumi, nikafunga kamba, nikaaga. Nikazungusha ufunguo. Ta.

Nikatazama mbele. Shamba limelala kama meza. Nikatazama nyuma, hivyo hivyo. Ndipo nikakumbuka kwamba siku niliyofika sikuzima gari hadi katikati ya shamba, karibu na rundo la mahindi, ili nisibebe magunia mbali. Akili ya kuokoa hatua ishirini.

Jirani yangu pale ni Msukuma, mtu wa umri wangu, ana ng'ombe wengi na maksai wanne wa kulima. Alikuja na fimbo yake mabegani, akanisalimia kwa lugha yake, "Mwangaluka," nami nikamjibu kwa Kiswahili kama kawaida yetu. Akalizunguka gari.

"Limelala?"

"Halijalala. Linapumzika."

"Basi liache lipumzike, tukanywe uji."

Tulikusanya wanaume wanane. Tukashusha magunia yote, tukasukuma. Lakini udongo wa shamba ulikuwa umelimwa na ulikuwa umenyeshewa, matairi yakazama. Tulilisogeza hatua kumi, wote tukakaa chini. Ningesubiri lori la wanunuzi wa mahindi linivute, lakini lilikuwa limepita juzi yake. Jirani akasema, "Niwalete maksai."

Mtu aliyenunua gari ili asionekane na jembe la kukokotwa, sasa gari lake lifungwe nira. Lakini nilitaka kwenda nyumbani. Nikamwambia alete.

Maksai walilivuta. Sikatai, wana nguvu. Walilitoa kwenye matope wakalifikisha kwenye ardhi ngumu kando ya kibanda. Nikaingiza gia ya pili, nikaachia klachi, gari likasimama na maksai wakasimama. Nikamwambia awakimbize. Akacheka mpaka akaegemea boneti.

"Mzee, maksai hakimbii. Ukitaka kinachokimbia, ungenunua mbwa."

Wale wanaume wanane walicheka wote. Mmoja akasema watu wa milimani wanajua kuteremka tu. Lilikuwa jambo la kweli.

Kesho yake nikampigia simu fundi wa Nyakanazi, kule njiapanda, akaja kwa pikipiki na begi la spana. Mtu mzima, anajua kazi, sitamsema vibaya. Alipima betri, nzima. Akafungua stata, akaiweka chini juu ya gunia, akaiunganisha na betri moja kwa moja. Ikazunguka kama pangaboi. Akairudisha kwenye injini, nikazungusha ufunguo. Ta.

Akaifungua tena. Akasafisha brashi za ndani, akarudisha. Ta.

Akafuta mikono, akasema, "Mzee, stata ni nzima. Betri ni nzima. Ukiona hivyo, injini imeshika. Imekaza ndani. Hiyo ni kazi ya kushusha injini yote."

"Haijashika. Imenileta hapa juzijuzi."

"Imekuleta juzijuzi. Leo ni leo."

Akafunga begi lake akaondoka. Habari ya injini kushika ilisafiri haraka kuliko pikipiki yake. Alasiri akaja mnunuzi wa chuma chakavu, ana lori dogo na mzani. Hakushuka hata kuangalia boneti. Aliangalia rangi, akasema rangi haina uzito. Halafu akataja bei ya kilo.

Mwanangu mkubwa, ambaye ana kazi mjini, alinipigia jioni hiyo. Alikuwa ameshaambiwa, sijui na nani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, liuze hapo hapo. Gari limezidi umri wangu. Panda basi urudi nyumbani upumzike."

"Umemaliza?"

"Baba, nakuonea huruma."

"Huruma waonee watoto wako. Salimia nyumbani kwako."

Lakini nilipokata simu nilikaa. Gari haliwaki, fundi amesema limekufa, mahindi yako chini yamefunikwa turubai na mvua inanukia. Nikampelekea neno mnunuzi wa chuma: aje kesho saa sita mchana. Likiwa halijawaka, alichukue. Neno langu likishatoka huwa sirudi nyuma, na huyo mtu alijua. Tangu saa ile nilianza kulitazama gari kama mtu anavyomtazama mgonjwa ambaye ndugu wameshaanza kugawana nguo zake.

Asubuhi nikaamka, sikushika spana. Nikakaa kwenye ndoo mbele ya boneti iliyofunguliwa, nikafikiri. Betri nzima. Stata nzima ikiwa chini. Stata hiyo hiyo mbovu ikiwa juu ya injini. Kwa hiyo ubovu hauko kwenye stata. Uko kwenye mahali inapokaa.

Jirani akapita na maksai wake. Nikamwita.

"Unajua kuzungusha ufunguo?"

"Kwani ni kazi ya kusomea?"

"Kaa hapo. Nikisema zungusha, zungusha. Nikisema acha, acha. Usiguse kingine."

Nilihakikisha mwenyewe kwamba gia imetolewa. Nikawasha taa kubwa za mbele, nikasimama mbele yake. "Zungusha." Ta. Taa zilibaki vile vile, nyeupe. Hapo ndipo niliposogea karibu. Betri iliyochoka, ukizungusha ufunguo, taa zinafifia. Injini iliyoshika, taa zinafifia zaidi, maana stata inavuta umeme wote na haisogei. Zangu hazikutikisika. Maana yake umeme haukuwa unaliwa na chochote. Kuna mahali umezuiwa. Fundi aliniambia nizungushe ufunguo mara kumi na hakuwasha taa hata mara moja.

Nikatoa globu yangu. Nikaanza na kwenda. Waya mnene kutoka betri hadi stata, umeme upo, globu inawaka kali. Swichi, upo. Fyuzi, nzima. Kwenye kwenda hapakuwa na kosa.

Nikaweka mkono juu ya injini nikiwa nawaza, nikamwambia jirani zungusha tena, na zungusha tena. Mkono wangu ulikuwa umegusa kebo ya mafuta, ile nyembamba inayotoka kwenye kanyagio kwenda kwenye pampu. Ilikuwa ya moto. Injini ni baridi kama chungu cha maji, haijawaka siku kadhaa, na kebo ya kanyagio ni ya moto.

Nilibaki nimeishika. Kebo ile si ya umeme. Kazi yake ni kuvuta. Ikiwa inapata moto, basi umeme unapita humo, na umeme haupiti kwenye uzi mwembamba kama huo isipokuwa umefungiwa njia yake. Yule dereva wa lori amekufa zamani. Nilimsikia kama yuko kwenye ndoo ya pili.

Kwenye kurudi.

Nikaweka msumari mmoja wa globu kwenye kichwa cha hasi cha betri, wa pili kwenye chuma cha injini. Hapo globu haitakiwi kuwaka, kwa sababu sehemu zote mbili ni upande mmoja, ni nyumba moja yenye milango miwili. "Zungusha." Globu ikawaka.

Basi njia ya kurudi, kati ya injini na betri, ilikuwa imekatika. Nikachukua waya mnene wa kubusti, ule wa kuazima umeme kwenye gari jingine, nikafunga ncha moja kwenye hasi ya betri, ncha ya pili nikaibana kwenye injini yenyewe, mahali penye chuma kitupu. Ilikuwa inakaribia saa tano.

"Zungusha."

Injini ilizunguka mara moja na nusu ikawaka. Moshi ukatoka, maksai wakaruka wakakimbia kuelekea mtoni, na jirani akatoka ndani ya gari bila kufungua mlango vizuri, amebaki na kipande cha kitasa mkononi.

"Umeniambia nizungushe," akasema. "Hukuniambia litapiga kelele."

"Umesema hakimbii," nikamwambia. "Waangalie."

Nikazima. Nililala chini ya gari nikautafuta waya wa kurudisha umeme, mafundi wanauita ethi, ule bapa unaotoka kwenye injini kuja kushika bodi. Upo, mzima, umefungwa na bolti. Nikafungua bolti. Chini yake, mahali ambapo waya unatakiwa kugusa chuma, palikuwa na rangi. Bluu. Imepakwa nene, vizuri, kila mahali. Hata kule kusikoonekana.

Rangi haipitishi umeme. Mtoto wa darasa la tatu anaweza asijue, lakini mimi nilijua tangu nikiwa naosha lori. Miezi yote ile stata ilikuwa inaomba njia ya kurudi, na mimi nilikuwa naipa mteremko. Betri nzima nikaitupa jalalani kwa jina la uzee. Fundi wa watu akaonekana hajui. Na nilibakiza saa moja tu gari lipimwe kwa kilo, kwa sababu nilitaka kusifiwa kanisani.

Nilichukua kisu, nikakwangua mpaka chuma kikawa cheupe, nikasugua kwa msasa, nikarudisha bolti nikaikaza. Nikaondoa waya wa kubusti. Nikaingia mwenyewe. Stata ikazunguka kama siku lilipotoka kiwandani.

Jirani alikuwa amechuchumaa, amenitazama muda wote. "Ilikuwa nini?"

"Kutu," nikasema.

Akaokota ukwanguo mmoja chini, akauweka kwenye kiganja, akautazama, akanitazama.

"Huko kwenu milimani," akasema, "kutu ni ya bluu?"

Nikamwambia anisaidie kupakia magunia. Alipakia, na kila gunia alilolibeba alilibeba akiguna kwa kicheko. Mnunuzi wa chuma alifika saa sita kamili, nampa heshima hiyo, ni mtu wa saa. Alikuta gari limepakiwa, injini inanguruma. Aligeuza lori lake, na kwa kuwa njia ni nyembamba ilibidi anipishe.

Nilipita Nyakanazi kwa yule fundi. Nikamkuta chini ya basi. Nikasimama, nikazima gari makusudi, nikawasha tena mbele yake. Alitoa kichwa.

"Ilikuwa nini, mzee?"

"Kutu."

"Wapi?"

"Kwenye ethi."

Alitikisa kichwa, akajilaumu kwa sauti mbele ya wateja wake, akasema alipaswa kuangalia. Nilimwacha ajilaumu. Hilo sikufanya vizuri, na ndiyo sababu moja ya kuandika haya. Haikuwa kutu. Ilikuwa rangi, na aliyesema ipakwe ni mimi. Sijamwambia mwanangu, wala binti yangu aliyebebwa na rangi ile kwenda kanisani. Watasoma hapa.

Nilifika nyumbani jioni, jua bado lipo. Niliingia uani, nikaacha gari pua ikielekea juu kilimani. Mke wangu akaja na jiwe lake mikononi, akasimama, hakujua aliweke wapi.

"Umeegesha vibaya," akasema.

"Nimeegesha ninavyotaka."

"Na kesho utaondokaje?"

"Kwa ufunguo."

Aliniangalia kama mtu aliyeachishwa kazi. Halafu akazunguka nyuma, akaliweka jiwe nyuma ya tairi, akalikanyaga likakaa. Asubuhi alitoka mapema kuliko mimi, akasimama pembeni amekunja mikono. Nikazungusha ufunguo. Likawaka. Akaenda zake jikoni. Tangu hapo kila asubuhi ninayosafiri huwa anatoka kusikiliza.

Leo nina miaka sitini. Nilicho nacho ni hiki. Nyumba ya tofali ya vyumba vinne, bati, saruji chini. Shamba la migomba la baba, ambalo liliuzwa vipande vipande baada ya kifo chake nami nikalirudisha lote. Shamba la mahindi Nyantakara. Ng'ombe wawili wa maziwa, mbuzi tisa. Watoto watano, wote wamesoma kunipita. Mke mmoja. Pikapu ya bluu ya dizeli, inawaka kwa ufunguo, na chini ya boneti ina sehemu moja isiyo na rangi, ukubwa wa sarafu, ambayo naipaka grisi kila baada ya mavuno. Globu moja yenye nyaya mbili. Deni sina.